Kigoda cha Baba Yake Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mafiga yao na majungu yao kama sisi tu, palikuwa na chama kilichosifiwa nchi nzima. Kiliitwa Ndugu wa Moto Mmoja.

Ndugu wenyewe walikuwa sita. Mkubwa wao Tembo, kisha Kiboko, Nyati, Punda Milia, Ngiri na Twiga. Kila Ijumaa alasiri walikusanyika uwanjani chini ya mlima wa mawe, wakawasha moto, wakapanga vigoda vyao kuuzunguka, wakaimba:

"Ngozi ni nguo, ee! Ngozi ni nguo!
Vua nguo utaona, damu yetu ni moja!"

Wimbo mzuri, watoto, hakuna atakayebisha. Tembo alinguruma kwa chini, guu, guu, guu. Nyati akapokea. Twiga hakuimba, maana Twiga si msemaji, lakini alitikisa kichwa huko juu kabisa, na wimbo ukapanda mlimani pamoja na moshi.

Na huko mlimani, kwenye ufa wa jabali, alikaa Pimbi.

Mnamjua Pimbi? Mnyama mdogo, mnene kidogo, manyoya ya kijivu, masikio ya mviringo. Mkia hana. Hana kabisa. Ukimtazama kwa nyuma utadhani fundi aliitwa kula kabla hajamaliza kazi.

Pimbi aliusikia wimbo ule tangu yumo mgongoni mwa mama yake. Kila Ijumaa aliacha alichokuwa akifanya, akalaza kidevu juu ya jiwe lenye joto la jua, akasikiliza mpaka moto wa kule chini ukazimwa. Kisha naye aliimba, taratibu, sehemu ya mtu wa saba. Wimbo haukuwa na sehemu ya mtu wa saba. Baba yake ndiye aliyeitunga, akamfundisha.

Huyo baba yake aliomba kuingia chamani mara tatu.

Kuingia kulikuwa na utaratibu wake. Uwanjani ulitundikwa mkeka. Nyuma ya mkeka viliwekwa vikapu viwili, kimoja cha kokoto nyeupe, kingine cha kokoto nyeusi, na katikati mtungi wa shingo nyembamba. Kila ndugu aliingia peke yake, akachukua kokoto moja, akaidondosha mtungini. Twa! Nyeupe ni karibu. Nyeusi ni nenda zako. Na nyeusi ikitokea hata moja, mambo yamekwisha. Sasa, nyeupe na nyeusi zikianguka mtungini hulia sauti ile ile, twa, kwa hiyo wa nje hajui kitu. Mwishoni Tembo alifumba jicho moja, akachungulia, akatangaza. Kisha akaubeba mtungi mwenyewe kwenda kuumwaga mtoni. Zilikuwa ngapi, hakuna aliyeambiwa.

Mara tatu baba yake Pimbi aliomba. Mara tatu Tembo alichungulia, akashusha pumzi, akasema, "Imeonekana nyeusi."

"Ni mmoja tu," baba yake alikuwa akisema akirudi nyumbani. "Mmoja tu ndiye asiyenitaka. Wale wengine ni watu wema, nawajua. Laiti ningemjua huyo mmoja! Ningemwendea nikae naye, tuzungumze."

Akaishi akimtafuta huyo mmoja. Alidhani ni Ngiri, akamchimbia shimo la kulala. Alidhani ni Nyati, akamtoa kupe masikioni kiangazi kizima. Akaambiwa kwamba ndugu hucheza wakishikana mikia, naye akiingia mnyororo utakatika. Akasuka mkia wa ukindu, akajifunga kiunoni, akaenda nao. Siku hiyo walicheka, watoto. Walicheka mpaka Kiboko akalala chali.

Tena akachonga kigoda. Kigoda kidogo cha mninga, miguu mitatu, akakisugua kwa majani ya msasa mpaka kikang'aa. Hakukikalia hata siku moja. "Kitakaliwa pale," alisema, akielekeza kidevu uwanjani.

Akafa hajakikalia. Ndugu wa Moto Mmoja akifa mwenzao humzika kwa wimbo, na kigoda chake hukigeuza kifudifudi palepale kwenye duara, pasikaliwe na mtu milele. Baba yake Pimbi walimzika wawili, mama na mwana, bila wimbo. Kigoda kikabaki pangoni, kimesimama kwa miguu yake mitatu, kinasubiri.

Ikapita mvua, ikapita nyingine. Siku moja Pimbi akakipangusa vumbi, akasema, "Mama, nitaomba."

"Utaomba nini?"

"Kuingia."

Mama yake akaweka mwiko chini. "Kumbe ugonjwa ule ni wa kurithi."

"Mama!"

"Mama nini? Baba yako kokoto zao aliziosha yeye, mara tatu, kwa mikono yake. Na zile nyeusi alizisugua zaidi, asije akaambiwa amependelea! Umeona wapi mtu anamwoshea mwenziwe jiwe la kumpigia?"

Hiyo nayo ilikuwa mila yao. Siku moja kabla ya shughuli, mwombaji ndiye aliyekwenda mtoni kuosha kokoto zote na kuzipanga vikapuni. Ati wakubwa hawawezi kuinama. Miaka yote hiyo hakuna aliyefikiri kwamba anayepewa kokoto kuosha amepewa kokoto.

"Sitaki ugomvi, Mama," akasema Pimbi. "Nataka kumjua tu yule mmoja."

"Ukishamjua?"

"Nitamhadithia habari za Baba. Akimjua Baba, hawezi kumkataa."

Mama yake akamtazama. Akatazama kigoda. "Haya, nenda. Ila usije ukarudi na uso ule aliokuwa akirudi nao baba yako, maana mimi sina tena pa kuuweka."

Pimbi akashuka. Kwanza kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba, mwanangu Pimbi! Marahaba sana! Umekua, eh? Hapana, hujakua, lakini umekomaa."

"Mzee, nimekuja kuomba nafasi kwenye duara."

Tembo akapepea masikio, fwa, fwa. "Sisi hatubagui, mwanangu. Wimbo wenyewe unasema. Mimi kwangu ni nyeupe. Hofu yangu," akashusha sauti, "ni hao wengine."

Akaenda kwa Ngiri, aliyekuwa katibu wa chama.

"Mimi binafsi," akasema Ngiri, mkia wake umesimama wima kama mlingoti, "sina neno na hawa wasio na mkia. Hata hili shimo ninalolala alinichimbia mmoja wao."

"Alikuwa baba yangu, Bwana Ngiri."

"Ah! Si unaona basi! Nyeupe, kijana, nyeupe! Shida ni hao wengine."

Punda Milia akasema yeye mwenyewe ni mweupe na mweusi, atambague nani? Shida ni hao wengine. Nyati akasema nyeupe, akaguna, akaendelea kula. Kiboko ndiye aliyemtia moyo zaidi, maana Kiboko alikuwa mtu wa nyumbani kwao. Kila asubuhi, akitoka mtoni, alisimama chini ya jabali akaita, "Hodi, shemeji!" Mama yake Pimbi akamteremshia uji kwa kamba.

"Wewe si mgeni wangu," akasema Kiboko, akajifuta midomo. "Nyeupe, tena ningekuwa na mbili ningeweka mbili. Lakini angalia hao wengine."

Twiga akamtazama tu kutoka huko juu, akatikisa kichwa kukubali, akageukia majani.

Pimbi alipomaliza mzunguko alikuwa ameahidiwa nyeupe tano, na ya sita kwa kichwa. Hesabu hiyo aliijua. Baba yake naye aliahidiwa hizo hizo.

Alhamisi akaenda mtoni na vikapu viwili. Akaziosha nyeupe, akazianika. Akaziosha nyeusi, akazianika. Kisha akajipaka tope zito mpaka viwikoni, akapanda nyuma ya mlima, kwenye kichaka ambacho kila mtoto wa kule alikikimbia. Mnaujua upupu? Ganda lake zuri, lina manyoya ya dhahabu kama kitambaa cha bibi harusi. Liguse uone!

Akachuma maganda ishirini. Akayakung'uta juu ya jani la mgomba, vinyoya vikaanguka vingi, laini. Akaziviringisha kokoto nyeusi humo, moja moja, kama mtu anavyoviringisha visheti kwenye sukari. Nyeupe hakuzigusa.

"Hutawashwa sana," akamwambia yule mmoja, ambaye bado hakuwa na sura. "Kidogo tu, nikujue. Nikishakujua nitakupa dawa kwa mkono wangu, halafu tutazungumza."

Ijumaa alasiri moto ukawashwa. Mkeka ukatundikwa. Pimbi akasimama nje ya duara, kigoda cha baba yake kwapani. Hakuwahi kuwa karibu na moto ule kiasi hicho. Joto lake lilimfika usoni, akafumba macho kidogo.

Sasa, wakubwa hawa hakuna mwenye vidole. Tembo huchukua kwa ncha ya mkonga, wengine kwa midomo na kwa pua. Na ngozi iwe nene namna gani, midomo ni midomo.

Tembo akaingia nyuma ya mkeka. Twa! Akatoka.

Kiboko. Twa! Akatoka akimkonyezea Pimbi jicho.

Nyati. Twa! Punda Milia. Twa! Ngiri akakaa sana humo ndani kuliko wote, akatoka. Twiga akaingia, shingo yote ikabaki nje. Twa!

Tembo akafumba jicho moja, akachungulia. Akashusha pumzi. Alizishusha vizuri sana pumzi zile, kama mtu aliyezizoea.

"Ndugu zangu. Mwanangu Pimbi. Imeonekana nyeusi."

"Aaa!" wakasema wote. "Aaa, jamani!"

"Nani huyo?" akafoka Nyati. "Nani mwenye roho mbaya namna hii?"

"Pole, kijana," akasema Kiboko. "Mwambie mama yako mimi nimehuzunika. Kesho nitampa pole mwenyewe, nikija kwenye uji."

"Tuimbe," akasema Tembo, "tuondoe uchungu."

Wakaimba. Ngozi ni nguo, ee! Pimbi hakuondoka. Alikuwa akitazama.

Ngiri ndiye aliyeanza. Pua yake ilicheza upande huu, ikacheza upande ule. Akaisugua gotini. Akaisugua tena. Akaipeleka ardhini, akaanza kulima, kwaru, kwaru, kwaru!

Ngiri! Pimbi nusura acheke kwa raha. Kumbe ni Ngiri! Baba alikuwa amepatia tangu mwanzo! Haya, Ngiri si mtu wa kushindikana. Atamwendea kesho, wakae pale kwenye lile shimo, amwambie lilivyochimbwa, siku ngapi, kwa kucha zipi...

"Mmmh!" akaguna Nyati. Akapiga chafya, chwii! Akasugua midomo kwenye ganda la mti, vipande vikaruka.

Wawili. Wawili pia si wengi.

"Mbu wa leo!" akalia Punda Milia, anarukaruka, anajing'ata midomo mwenyewe. "Jamani, mbu gani hawa!"

Watatu.

Pimbi akamgeukia Kiboko. Usiwe wewe, akasema moyoni. Wale wote sawa, lakini wewe usiwe. Kiboko alikuwa ameimba mpaka mwisho wa ubeti, midomo imebanwa, macho yamemtoka. Kisha mdomo ukafunguka, wote, kama mlango wa ghala. "Uuuwiii! Maji! Nipeni maji!" Akatumbukiza uso kwenye pipa la maji lililokuwa kando ya uwanja, blu, blu, blu, na upupu, watoto, hakuna unachokipenda kama maji. Ukazidi.

Basi akabaki kumtazama Tembo. Mkonga wa Tembo ulikuwa umesokotwa chini ya kwapa lake, umebanwa kwa nguvu, na Tembo alikuwa akiimba peke yake, machozi yanamtoka, "damu... yetu... ni moja..." Mara mkonga ukamponyoka, ukaenda juu, ukapiga kelele wenyewe: paaaaaa!

Wimbo ukakatika.

"Siafu!" akasema Ngiri.

"Ni moshi," akasema Nyati. "Hizi kuni ni mbaya."

"Ni upupu," akasema Pimbi.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini wote walisikia.

"Niliupaka jana, kwenye kokoto nyeusi peke yake. Nyeupe ni safi. Nendeni mkazilambe."

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mimi," akasema Punda Milia, "niligusa kwa bahati mbaya tu."

"Mimi nilikuwa nahesabu!" akasema Ngiri. "Kazi ya katibu ni kuhesabu!"

"Umetuhujumu!" Nyati akainamisha pembe. "Umechafua mila za wazee wetu! Kwani nyinyi wa mapangoni hamna adabu?"

Pimbi akaruka, vup, akaingia kwenye ufa wa jabali lililopakana na uwanja, kigoda mkononi. Pembe za Nyati zikagonga jiwe, gongo!

"Mimi nimepaka mawe, Bwana Nyati," akasema kutoka mle ndani. "Sikumsukuma mtu. Na ukinipondaponda, dawa utaitafuta kwa nani?"

"Dawa ipo?" wakauliza wote kwa pamoja.

"Ipo."

"Itoe, mwanangu!" akalia Tembo.

"Kwanza nijibuni. Bwana Kiboko, uji wa mama yangu una nini?"

Kiboko akatoa uso pipani, midomo imevimba kama magodoro. "Uji hauna neno. Uji mtamu. Lakini uji ni kwenu, na hapa ni hapa."

Pimbi akamgeukia mkubwa wao. "Mzee Tembo. Mle mtungini zilikuwa nyeusi ngapi?"

"Mwanangu, hayo ni mambo ya ndani..."

"Ngapi?"

"Tano."

"Na za baba yangu? Mara ya kwanza?"

Tembo akajikuna. "Tano."

"Ya pili?"

"Tano. Na ya tatu tano. Nilikuwa nakwenda kuzimwaga mtoni ili asione. Nilidhani ni huruma." Akatazama chini. "Baba yangu alinikabidhi moto huu, akaniambia usimwingize asiye na mkia. Nilikuwa mdogo, sikuuliza kwa nini. Nilipofika umri wa kuuliza, nilikuwa nimeshazoea."

"Baba yangu amekufa akimtafuta mtu mmoja," akasema Pimbi. "Alilichimba shimo la Ngiri kwa ajili ya huyo mmoja. Alisuka mkia. Mlikuwa watano, mkamwacha atafute."

Hata kujikuna walijikuna polepole.

Ndipo Ngiri, aliyekuwa hapendi kuaibika peke yake, akainua pua. "Na Twiga je? Mbona yeye hajikuni?"

Wote wakatazama juu. Twiga alikuwa amesimama kimya, midomo mikavu, haina hata chembe ya upupu. Shingo yake ikaanza kushuka, taratibu, taratibu, mpaka kichwa kikafika mbele ya ufa wa Pimbi. Akasema. Sauti yake ilikuwa na kutu, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa.

"Mimi huweka nyeupe. Hata kwa baba yako. Mara zote."

Pimbi akahisi kitu kikimpanda kifuani, chepesi, karibu kiwe furaha. Kumbe walikuwapo! Hata kama ni mmoja! Kisha akamtazama Twiga shingo, kutoka chini mpaka juu.

"Ulijua ni watano?"

"Shingo ndefu hii. Mkeka haunizibi. Naona kila anayechota na anachochota."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Baba yangu alikuwa akipita chini ya shingo yako kila siku akienda mtoni."

Twiga akafumba macho yake makubwa, zile kope zikashuka. "Nilikuwa nasubiri mwingine aanze kusema."

Wengine hujikuna nje, akawaza Pimbi, wengine ndani. Akatoka ufani.

"Majivu," akasema. "Dawa ya upupu ni majivu. Mmekuwa mkiyazunguka na vigoda vyenu tangu nchi ilipoumbwa. Jipakeni."

Mngewaona! Wakubwa watano, wamepiga magoti mbele ya moto wao, wanajipaka majivu, fu, fu, fu! Tembo alimpaka Ngiri, Ngiri akampaka Nyati. Walipoinua nyuso, wote walikuwa kijivu. Kijivu kabisa, rangi ya Pimbi. Punda Milia akajitazama kwenye pipa la maji, akaruka kwa woga.

Tembo akausogelea mkeka, akaung'oa kwa mkonga, akautupa motoni. Ukawaka, vuuu. Akamwaga kikapu cha nyeupe hadharani.

"Mwenye kumtaka Pimbi achukue moja, aiweke hapa, mbele ya macho ya kila mtu."

Tembo akaweka. Kiboko akaweka. Nyati akaguna, akaweka. Zikawa sita. Kama ziliwekwa kwa mapenzi au kwa hofu ya upupu, mimi na nyinyi tusidanganyane. Ya moyoni hayana kikapu.

"Karibu ndugu," akasema Tembo. "Weka kigoda chako."

Pimbi akaingia kwenye duara. Hatua saba, nane, tisa. Alikuwa amezihesabu kutoka juu maisha yake yote, na kutoka juu zilionekana tatu. Akakiweka kigoda cha mninga kati ya Tembo na Kiboko. Kilitosha sawasawa, kana kwamba mtu alikuwa amepima. Akakipangusa kwa kiganja. Wote wakasubiri akae.

Akakishika miguu yake mitatu, akakigeuza kifudifudi.

"Hiki ni cha Baba," akasema. "Sasa mwimbieni. Hajaimbiwa."

Wakaimba. Midomo imevimba, majivu yanawaingia mdomoni, lakini waliimba, na Twiga kwa mara ya kwanza akatoa sauti, nyembamba, ya ajabu. Pimbi akasimama katikati yao. Na kwa karibu namna ile alisikia kitu ambacho mlimani hakikumfikia: Kiboko alikuwa hawezi kuimba. Alikuwa nje ya wimbo kabisa, wala hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu ana mkia.

Ulipokwisha, Tembo akauliza, "Na wewe utakaa wapi, mwanangu?"

"Changu sijachonga, Mzee."

"Utachonga lini?"

Pimbi akatazama moto. Ulikuwa moto mzuri. Alikuwa ameutamani kiasi kwamba hata sasa, akiwa karibu nao, aliutamani.

"Mti wake ndio kwanza unapandwa leo," akasema. Akawaaga mmoja mmoja kwa heshima zote, akapanda kwao.

Mama yake alikuwa mlangoni. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, akausoma wote. "Huo," akasema, "nitautafutia mahali." Na keshoye Kiboko alipopiga hodi, hakuteremshiwa uji. Aliteremshiwa majivu kikombe kizima, na ujumbe kwamba uji upo, ila siku hizi unanywewa huku juu, kwa anayeweza kupanda.

Ijumaa iliyofuata wimbo ukapanda mlimani kama kawaida. Pimbi akalaza kidevu juu ya jiwe. Wakafika mwisho wa ubeti, na pale mwisho hawakuendelea. Wakanyamaza. Waliacha pengo, urefu wa pumzi moja, lenye ukubwa wa mtu wa saba.

Pimbi akainuka. Akaimba sehemu ya baba yake, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, kutoka kule kule juu.

Na mpaka leo, ukipita penye majabali ukamsikia pimbi akipaza sauti kisha akanyamaza ghafla, usidhani amechoka. Anasikiliza kama ameitikiwa.

Uzi wa hadithi umekatikia hapa. Mwenye sindano na auendeleze. Lakini hili shikeni: udugu usiusikilize unapoimba mbele ya moto, utazame unapokuwa nyuma ya mkeka.